Utambuzi wa Hitilafu za Kivukizi katika Mashine za Kupoza Maji: Mazingira ya Kyela na Ufuo wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kutambua hitilafu za kivukizi katika mashine ndogo na za kati za kupoza maji, kwa kuzingatia mazingira ya Wilaya ya Kyela. Hoja kuu ni kwamba shinikizo la chini linalosomwa kwenye geji ni dalili inayoletwa na hitilafu kadhaa zenye vyanzo tofauti, kwa hiyo haliwezi peke yake kuonyesha chanzo. Makala yanaonyesha kuwa vipimo vitatu vya halijoto, yaani mshuko wa maji, pengo la kivukizi na joto la ziada, vikisomwa pamoja hutenganisha hitilafu za upande wa maji na zile za upande wa gesi. Aidha, yanajadili athari ya mwinuko wa eneo katika usomaji wa geji, na madhara ya kuongeza gesi pale ambapo tatizo limo katika maji.

1.0 Utangulizi

Katika ufuo wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, usipa huvuliwa usiku kwa taa na huanikwa juani mchana. Njia hii ni ya gharama ndogo na imewatosha wakazi wa ufuo kwa muda mrefu, lakini inategemea jua. Kyela ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini Tanzania, na mvua hizo huwa kubwa zaidi kati ya Machi na Mei. Katika miezi hiyo samaki aliyeanikwa huweza kuoza kabla ya kukauka. Kwa mbasa na samaki wengine wakubwa wanaouzwa wabichi, jua si suluhisho katika majira yoyote. Hapo ndipo baridi inapohitajika: barafu, au maji yaliyopozwa hadi kukaribia nyuzi sifuri.

Mashine ya kupoza maji, ambayo mafundi huiita chila, ina sehemu kuu nne: kompresa, kondensa, valvu ya upanuzi na kivukizi. Kivukizi ndicho kiungo ambamo gesi ya kupozea hukutana na maji, ikitenganishwa nayo na ukuta mwembamba wa chuma. Hitilafu ikitokea hapo, maji hayapoi ipasavyo na geji ya upande wa shinikizo dogo hushuka. Tafsiri iliyozoeleka ya hali hiyo ni moja: gesi imeisha. Tafsiri hii ina kasoro tangu mwanzo wake, kwa kuwa gesi ya kupozea haitumiki ikaisha kama mafuta ya taa. Inazunguka katika mfumo uliofungwa. Ikipungua, ipo mahali inapovuja. Na kama haivuji, haijapungua, hata kama geji imeshuka.

Swali linaloongozwa na makala haya, kwa hiyo, ni hili: fundi aliye mbele ya mashine yenye geji iliyoshuka atajuaje kama chanzo kimo katika gesi, katika maji, au katika ukuta unaozitenganisha?

2.0 Mazingira na Athari Zake kwa Kivukizi

Uso wa Ziwa Nyasa upo takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, na bonde la Kyela limeinuka kidogo tu juu ya kiwango hicho. Upande wa mashariki imesimama Milima ya Livingstone, na kaskazini nyanda za juu za Rungwe. Mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka katika miinuko hiyo na kumwaga maji yake kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa. Mito hiyo inapofurika hubeba udongo laini, majani na mabaki ya mimea hadi ziwani.

Mambo matatu ya mazingira haya yanahusu kivukizi moja kwa moja. Kwanza, maji ya juu ya ziwa huwa ya uvuguvugu mwaka mzima. Maji yanayoingizwa kutoka ziwani yana halijoto ya nyuzi 23 au zaidi, hivyo mashine hubeba mzigo mkubwa tangu inapowashwa. Pili, maji ya uvuguvugu yaliyo katika tangi lililo wazi huotesha ute na mwani, na ute huo hunata kwenye kuta za chuma. Tatu, udongo laini unaoletwa na mito hupita katika machujio yenye matundu makubwa na kutuama katika njia nyembamba za kivukizi, hususan kile cha sahani ambacho nafasi kati ya sahani na sahani ni milimita chache tu.

Kutokana na hali hiyo, miezi ambayo jua halitoshi kukausha samaki, na ambayo baridi inahitajika zaidi, ndiyo miezi ambayo maji yanayoingia katika mashine huwa machafu zaidi. Mashine iliyofanya kazi vizuri tangu Agosti hadi Januari inaweza kuanza kulegea mwezi Aprili bila kupoteza hata gramu moja ya gesi.

3.0 Jinsi Kivukizi Kinavyofanya Kazi

Gesi ya kupozea huingia kwenye kivukizi ikiwa mchanganyiko wa kimiminika na mvuke, kwa shinikizo dogo. Kwa kila shinikizo kuna halijoto moja ambayo kimiminika hicho huchemkia. Gesi aina ya R-134a, kwa mfano, ikiwa na shinikizo kamili la kilopaskali 315 huchemka kwenye nyuzi 2 za Selsiasi. Ikiwa na kilopaskali 293 huchemka kwenye nyuzi sifuri. Kwa kuchemka, kimiminika hunyonya joto kutoka katika maji. Kimiminika kikishakwisha kuchemka, mvuke uliobaki huendelea kupata joto kidogo kabla ya kuvutwa na kompresa.

Kiasi cha joto kinachopita ukutani hutegemea ukubwa wa ukuta, wepesi wake wa kupitisha joto, na tofauti ya halijoto kati ya maji na gesi. Kanuni hii ndiyo msingi wa utambuzi wote unaofuata. Ukuta ukifunikwa na utando, wepesi wake hupungua. Ili kiasi kilekile cha joto kipite, tofauti ya halijoto haina budi kuongezeka. Na kwa kuwa halijoto ya maji hushikiliwa na kidhibiti, kinachosogea ni halijoto ya gesi, nayo husogea kuelekea chini. Geji hushuka. Gesi haijapungua, imelazimika kuchemkia kwenye baridi kali zaidi ili kuvuka ukuta mchafu.

4.0 Vipimo Vitatu vya Msingi

4.1 Mshuko wa Maji

Mshuko wa maji ni tofauti kati ya halijoto ya maji yanayoingia kwenye kivukizi na yanayotoka. Chukuliwe mfano wa mashine ya kilowati 50 inayopokea maji ya nyuzi 10 na kuyatoa yakiwa nyuzi 5. Mshuko wake ni nyuzi 5, na mtiririko unaohitajika ni takriban lita 2.4 kwa sekunde. Mtiririko ukishuka hadi lita 1.7 huku mzigo ukibaki vilevile, mshuko huongezeka hadi nyuzi 7. Mshuko mkubwa kuliko kawaida, basi, ni ushahidi wa maji machache. Mshuko mdogo humaanisha ama mashine haizalishi baridi ya kutosha, ama mzigo ni mdogo. Fundi hana budi kuhakikisha kwanza kama kompresa inafanya kazi kwa uwezo wake wote.

4.2 Pengo la Kivukizi

Pengo ni tofauti kati ya halijoto ya maji yanayotoka na halijoto ya kuchemka ya gesi. Katika mfano uleule, gesi ikichemka kwenye nyuzi 2, pengo ni nyuzi 3. Kipimo hiki ndicho kioo cha hali ya ukuta. Kwa kukokotoa, ukuta ukipoteza asilimia 30 ya uwezo wake wa kupitisha joto, pengo hupanda kutoka nyuzi 3 hadi takriban nyuzi 5, na gesi huchemka kwenye nyuzi sifuri. Ukipoteza nusu, pengo hukaribia nyuzi 8, na gesi huchemka kwenye takriban nyuzi 3 chini ya sifuri. Maji yanayotoka bado yanasomeka nyuzi 5, lakini yale yanayogusa ukuta huweza kuganda.

Pengo hubadilika kulingana na mzigo, hivyo pengo la leo halifai kulinganishwa na la jana bila kuangalia mshuko. Kinachofaa zaidi ni uwiano wa pengo kwa mshuko. Mtiririko wa maji ukiwa uleule, uwiano huo hubaki takriban palepale mzigo unapobadilika. Katika mfano wa hapo juu ni 3 kwa 5, yaani 0.6. Mashine ikiwa na nusu ya mzigo, mshuko utakuwa nyuzi 2.5 na pengo nyuzi 1.5, uwiano ukiwa bado 0.6. Fundi akikuta pengo la nyuzi 3 katika nusu ya mzigo, asiridhike kwa kuwa namba ni ileile iliyoandikwa siku mashine ilipofungwa: uwiano umepanda hadi 1.2, na ukuta umepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake.

4.3 Joto la Ziada

Joto la ziada ni tofauti kati ya halijoto ya mvuke unaotoka kwenye kivukizi na halijoto ya kuchemka. Katika mashine nyingi zenye valvu ya upanuzi inayojirekebisha, joto hili huwa kati ya nyuzi 5 na 8. Likiwa kubwa mno, kimiminika kimekwisha kabla ya kufika mwisho wa kivukizi, na sehemu ya ukuta haifanyi kazi. Likikaribia sifuri, kimiminika kinavuka kivukizi bila kuchemka chote, na kinaweza kuharibu kompresa.

5.0 Kutofautisha Hitilafu

Jedwali 1 linaonyesha jinsi vipimo hivyo vitatu vinavyogawanya hitilafu ambazo kwa macho ya geji peke yake hufanana.

Jedwali 1: Dalili za hitilafu kuu za kivukizi

| Hitilafu | Mshuko wa maji | Pengo | Joto la ziada | Uthibitisho |
|---|---|---|---|---|
| Mtiririko mdogo wa maji | Mkubwa | Halibadiliki sana | La kawaida | Kupima shinikizo la maji kabla na baada ya kivukizi |
| Utando upande wa maji | Wa kawaida au mdogo kidogo | Kubwa | La kawaida | Kufungua, au kusafisha na kupima upya |
| Mafuta upande wa gesi | Wa kawaida au mdogo kidogo | Kubwa | La kawaida | Kiwango cha mafuta ya kompresa kimeshuka |
| Upungufu wa gesi | Mdogo | Kubwa | Kubwa | Viputo kwenye kioo cha kuangalizia. Kutafuta uvujaji |
| Kizuizi kwenye chujio la gesi au valvu | Mdogo | Kubwa | Kubwa | Bomba ni baridi zaidi baada ya chujio kuliko kabla yake |
| Valvu iliyofunguka mno | Hutofautiana | Hutofautiana | Karibu na sifuri | Kompresa ni baridi na huenda ina jasho upande wa chini |

Hitilafu ya kwanza katika jedwali inastahili maelezo zaidi kwa sababu ni hatari kuliko inavyoonekana. Mashine nyingi ndogo hudhibitiwa kwa halijoto ya maji yanayorudi, wala si yanayotoka. Maji yakirudi na nyuzi 10 huku mtiririko umepungua, mshuko wa nyuzi 7 utayatoa na nyuzi 3. Pengo likibaki nyuzi 3, gesi itachemka kwenye nyuzi sifuri. Kidhibiti kinasoma nyuzi 10 na kuona hali ni shwari, ilhali kivukizi kimefika kwenye ukingo wa kuganda. Vyanzo vya mtiririko mdogo ni chujio lililoziba, hewa iliyonaswa katika mabomba, valvu iliyofungwa nusu, au pampu inayozunguka kinyume. Hili la mwisho huweza kutokea baada ya matengenezo ya umeme wa njia tatu ambapo nyaya mbili zimebadilishana nafasi. Pampu hunguruma kama kawaida na husukuma maji kiasi, lakini si ya kutosha.

Kuthibitisha mtiririko hakuhitaji kifaa cha gharama. Tofauti ya shinikizo la maji kabla na baada ya kivukizi hukua kwa mraba wa mtiririko. Kama tofauti hiyo ilikuwa kilopaskali 40 mashine ilipokuwa mpya, na sasa ni 20, mtiririko umeshuka hadi takriban asilimia 70 na kizuizi kipo nje ya kivukizi. Kama tofauti imepanda huku mtiririko ukiwa haujaongezeka, kizuizi kimo ndani ya kivukizi chenyewe.

Utando na mafuta hutoa dalili zinazofanana katika vipimo vyote vitatu, kwa kuwa vyote viwili huzuia joto kupita ukutani, kimoja upande huu na kingine upande ule. Hapa majira huweza kutoa mwanga. Pengo lililokua polepole tangu mito ilipoanza kufurika linaelekeza kwenye maji. Pengo lililokua baada ya kompresa kutengenezwa au kuongezewa mafuta linaelekeza kwenye mafuta. Hata hivyo, majira ni kiashiria tu, na uthibitisho wa Jedwali 1 hauna budi kufuata.

Upungufu wa gesi na kizuizi upande wa gesi vinatofautishwa kwa kuangalia kimiminika kinachotoka kwenye kondensa. Gesi ikiwa pungufu, kimiminika hicho hufika kwenye valvu kikiwa na viputo na bila upoezi wa ziada. Kukiwa na kizuizi, kimiminika hurundikana nyuma yake na upoezi wa ziada haupungui. Kuongeza gesi katika hali hii ya pili ni kuongeza mrundikano.

6.0 Usahihi wa Vipimo

Vipimo vinavyotegemea tofauti ya nyuzi 3 havivumilii kosa la nyuzi 2. Vyanzo viwili vya makosa vina uzito wa pekee katika eneo hili.

Cha kwanza ni mwinuko. Geji husoma tofauti kati ya shinikizo la gesi na shinikizo la hewa ya mahali ilipo, ilhali majedwali mengi yaliyochapishwa hudhani hewa ya usawa wa bahari, yaani kilopaskali 101. Kyela, hewa ina takriban kilopaskali 96. R-134a inayochemka kwenye nyuzi 2 itaonyesha kilopaskali 219 kwenye geji badala ya 214, na jedwali litasema nyuzi 2.5. Kosa la nusu nyuzi linaweza kuvumiliwa likijulikana. Jijini Mbeya, penye mwinuko wa takriban mita 1,700, hewa ina kilopaskali 82 au 83, na kosa hufikia nyuzi 1.7. Katika sehemu zote mbili kosa lina mwelekeo mmoja: gesi huonekana ya moto kuliko ilivyo, na pengo huonekana dogo kuliko lilivyo. Kwa maneno mengine, kosa huficha ugonjwa. Vilevile, fundi aliyezoea namba za Mbeya hapaswi kuzishusha nazo Kyela bila kuzirekebisha.

Cha pili ni vipimajoto. Kwa kuwa kinachotafutwa ni tofauti, jambo la msingi ni vipimajoto viwili kukubaliana. Njia rahisi ni kuvitia pamoja katika chombo chenye barafu iliyopondwa na maji safi, kuvikoroga, na kuandika kila kimoja kinasoma nini. Vyote vinapaswa kusoma sifuri. Maji yanayochemka hayafai kutumika kama nyuzi 100, kwani Kyela maji huchemka kwenye takriban nyuzi 98.4. Kipimajoto kinachofungwa juu ya bomba kifunikwe kwa kihami, maana hewa ya ufuoni ni ya joto na unyevu, na jasho linalotiririka kwenye bomba hupotosha usomaji.

7.0 Madhara ya Utambuzi Usio Sahihi

Fundi anayeongeza gesi kwenye mashine yenye kivukizi kichafu huweza kuona geji ikipanda kidogo. Kupanda huko humridhisha yeye na mwenye mashine, lakini ukuta umebaki mchafu. Gesi iliyozidi hujaza kondensa, shinikizo la upande wa juu huongezeka, na kompresa hutumia umeme mwingi zaidi kwa baridi ileile. Utando unapoendelea kukua, halijoto ya kuchemka hushuka chini ya sifuri na maji huganda ndani ya njia nyembamba. Barafu hutanuka na kupasua ukuta. Mashine inaposimama, shinikizo la gesi huwa kubwa kuliko la maji, na gesi huvujia ndani ya maji. Wakati huo ndipo gesi hupungua kweli. Utambuzi uliokuwa na kosa mwanzoni umejitimiza wenyewe, na fundi anayefika baadaye hukuta ushahidi unaoonekana kuuthibitisha.

Uvujaji wa namna hiyo haupatikani kwa kupaka sabuni kwenye maungio ya nje. Unapaswa kutafutwa kwa kigunduzi cha gesi kwenye tundu la kutolea hewa la mzunguko wa maji. Maji yakishaingia upande wa gesi, kompresa nayo huwa hatarini, na kivukizi cha sahani zilizounganishwa kwa kuyeyusha chuma hakifunguki ili kirekebishwe: hubadilishwa kizima. Kwa mashine iliyopo Kyela, vipuri hivyo na gesi yenyewe huenda vikalazimika kutoka Mbeya, zaidi ya kilomita 100 kwa barabara kupitia Tukuyu, na wakati mwingine Dar es Salaam. Samaki hawasubiri safari hiyo.

Lipo pia suala la gesi yenyewe. Chini ya Itifaki ya Montreal, nchi zinazoendelea zinatakiwa kusitisha matumizi ya R-22 na gesi za jamii yake kufikia mwaka 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mitambo iliyopo. Kila ujazaji usio wa lazima unamaliza bidhaa inayoendelea kuadimika.

Kinga, kwa upande mwingine, ina gharama ndogo. Chujio lenye matundu yasiyozidi milimita 1 liwekwe kabla ya kivukizi cha sahani, na likaguliwe mara nyingi zaidi katika miezi ya mafuriko. Swichi ya mtiririko isirukwe kwa waya hata kwa muda. Inapowezekana, maji ya ziwa yasipitishwe kwenye kivukizi kabisa: yapozwe katika kibadilisha joto kinachofunguka na kusafishika, huku kivukizi kikihudumiwa na mzunguko mwingine wa maji safi uliofungwa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba geji ya shinikizo dogo husema tu kuwa gesi inachemka kwenye baridi kali kuliko kawaida. Haisemi kwa nini. Mshuko wa maji hueleza hali ya mtiririko, pengo hueleza hali ya ukuta, na joto la ziada hueleza kama kimiminika kinatosha. Fundi mwenye vipimajoto viwili vilivyosawazishwa, geji iliyorekebishwa kwa mwinuko, na kumbukumbu ya namba za siku mashine ilipofungwa anaweza kutenganisha vyanzo hivyo kabla ya kufungua chupa ya gesi.

Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba kila mashine ya kupoza maji iwe na daftari linaloandikwa vipimo hivyo vitatu angalau mara moja kwa mwezi, na mara moja kwa wiki kuanzia Machi hadi Mei. Inapendekezwa pia kwamba mafunzo ya ufundi wa majokofu yanayotolewa katika vyuo vya VETA yafundishe uwiano wa pengo kwa mshuko sambamba na usomaji wa geji, na kwamba istilahi zake zisanifiwe kwa Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya karakana. Maadamu kauli iliyopo kwa hitilafu hizi zote ni moja tu, kwamba gesi imeisha, tiba nayo itaendelea kuwa moja.